Nimeletewa notisi ya wakili kwa maneno aliyoandika mwanachama. Mwenye tovuti anawajibika wapi?

Bi_Mpangaji

Wakuu, habari za jioni. Naomba wenye uelewa wa sheria za mtandao mnisaidie. Wasio na uelewa mnivumilie, maelezo ni marefu kidogo.

Nina tovuti ndogo ya wapangaji wa Dar. Watu wanapeana taarifa za vyumba, kodi, madalali, na mitaa inayojaa maji masika. Tuko watatu tunaoiendesha, hakuna anayelipwa, seva tunailipia kwa kuchangishana. Seva yenyewe iko Ujerumani kwa sababu huko tulipata bei nafuu.

Mwanachama mmoja kaandika kwamba dalali fulani wa Sinza kapokea kodi ya miezi sita kutoka kwa watu watatu kwa chumba kimoja. Kamtaja jina kamili, kaweka namba ya simu, picha yake ya sura, na picha ya kitambulisho chake cha NIDA. Kamalizia hivi: "Huyu ni mwizi, mkimuona mumshughulikie."

Jana imekuja notisi kutoka kwa wakili wa dalali. Anataka mambo manne ndani ya siku 7: tufute andiko, tuombe radhi ukurasa wa mbele, tulipe fidia ya shilingi milioni 50, na tumpe jina halisi, namba ya simu na anwani ya IP ya aliyeandika. Tusipofanya hivyo, atakwenda mahakamani na polisi.

Mwenzangu mmoja anasema tufute kila kitu usiku huu huu, andiko, akaunti na logi (kumbukumbu za seva za nani kaingia na lini), halafu tuseme hatujui lolote. Mwingine anasema seva iko Ulaya, hawatufanyi kitu. Mimi usingizi umekata. Nani yuko sahihi?

Fundi_Seva

Pole dada. Mimi ningefuta. Logi usizokuwa nazo hakuna wa kukuomba. Na domeini uihamishe isiwe ya .tz.

Karani_wa_Kisutu

Bi_Mpangaji, kabla hujafanya alichosema Fundi, soma hapa kwanza. Usifute logi usiku huu. Nitaeleza kwa nini.

Fundi ana nusu ya ukweli. Kama kanuni zenu tangu mwanzo zingekuwa logi zinajifuta zenyewe kila baada ya siku kadhaa, leo ungesema huna na ungekuwa unasema kweli. Lakini kufuta baada ya kupokea karatasi inayotaja polisi ni jambo lingine kabisa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 22, inamhusu mtu anayeharibu, kufuta, kubadilisha au kuficha data kwa nia ya kuzuia au kuchelewesha upelelezi. Faini isiyopungua milioni 3, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote viwili. Hapo utakuwa umechukua mgogoro wa mtu mwingine ukautengenezea kosa la jinai lenye jina lako.

Kumbukeni kesi za Jamii Forums, lile jukwaa kubwa la mijadala mtandaoni. Waendeshaji wake walikamatwa Desemba 2016. Watu wengi mpaka leo wanadhani walishtakiwa kwa yaliyoandikwa na wanachama. Hapana. Mashtaka yalihusu kuzuia upelelezi, yaani polisi walitaka taarifa za watumiaji na hawakupewa, na kuendesha domeini isiyosajiliwa kwa .tz. Aprili 2020 Mahakama ya Kisutu ilimtia hatiani mkurugenzi katika moja ya kesi hizo, faini milioni 3 au kifungo cha mwaka mmoja. Mwenzake aliachiwa. Angalieni sasa miaka iliyopita kati ya kukamatwa na hukumu hiyo, halafu hesabuni nauli za kwenda Kisutu kila kesi inapoahirishwa.

Kwa hiyo ile hoja ya kuikimbia .tz, Fundi, ni kumtoa mwenzio kwenye moto ukamweka kwenye kaango.

Fundi_Seva

Aisee, sikujua kwamba domeini nayo ilikuwa shtaka. Narudi kwenye benchi, naendelea kusoma.

Kibogoyo_Mcheshi

Seva iko Ujerumani, shingo iko Ubungo 😂

Bi_Mpangaji

Karani, asante sana. Kwa hiyo hoja ya seva kuwa nje imekufa?

Karani_wa_Kisutu

Haijafa kabisa, ila haifanyi kazi mnayofikiri. Seva kuwa nje kunamzuia mtu kuingia chumbani na kubeba mashine. Hakumzuii askari kukupigia simu uje kituoni na simu yako na nywila zako. Wewe ndiye msimamizi, wewe ndiye unayefikika. Kifungu cha 32 cha sheria hiyo hiyo kinampa mkuu wa kituo cha polisi, au ofisa wa ngazi inayolingana, uwezo wa kutoa amri kwa yeyote mwenye data aitoe kwa ajili ya upelelezi wa jinai. Hakisemi data iwe imehifadhiwa Tanzania. Kinasema uwe nayo. Kifungu hicho kilipingwa Mahakama Kuu na mwaka 2017 mahakama ikakataa kukifuta.

Lakini soma vizuri nani anatajwa pale. Ni polisi, kwa upelelezi wa jinai. Wakili wa mtu binafsi hatajwi. Wakili anaweza kuandika notisi kwa wino mwekundu akipenda, hana mamlaka ya kukuamuru utoe jina la mwanachama. Anatakiwa aende mahakamani akaombe amri.

Na ukimpa kwa woga? Hapo unaingia upande wa pili. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na tume yake ipo. Namba ya simu, barua pepe na IP ya mwanachama ni taarifa binafsi alizokukabidhi ili aweze kutumia tovuti. Kuzitoa kwa mtu aliyekutishia tu, bila amri na bila msingi wa kisheria, ni kumpa mwanachama sababu ya kukulalamikia wewe. Kwa hiyo katika yale madai manne, la nne jibu lake ni fupi: leteni amri ya mahakama, tutaitii.

Mama_Tegeta

Na huyo aliyeweka NIDA ya mtu mtandaoni, yeye hajavunja sheria? Naona wote mnamhurumia mwandishi. Mimi mjomba wangu aliwekewa namba yake mtandaoni kwa jina linalofanana na la mtu mwingine, alipigiwa simu za matusi wiki nzima mpaka akabadilisha laini.

Karani_wa_Kisutu

Mama Tegeta umenigusa nilipotaka kufika. Andiko lile lina vitu vitatu tofauti na kila kimoja kina njia yake.

Madai kwamba kapokea kodi ya watu watatu: hiyo ni kashfa kama si kweli, na ni utetezi kamili kama ni kweli na inathibitishika. Aliyeandika ana miamala ya simu? Ana mkataba? Hao wengine wawili wapo na wako tayari kusimama? Hii ni ya kubishaniwa.

Picha ya kitambulisho na namba ya simu: haina cha kubishania. Hata kama dalali ni tapeli kweli, NIDA yake haikutakiwa kuwa pale.

"Mkimuona mumshughulikie": wote tunajua neno hilo mtaani kwetu linaishia wapi. Hili lingetakiwa kuondoka dakika ile ile lilipoonekana, notisi au hakuna notisi. Dada, usiku huu huu toa hilo na kitambulisho. Ninaposema toa nina maana ya kuficha lisionekane kwa umma, nakala ibaki kwako mahali salama, na tarehe na saa.

NairobiNyeusi

Niko Nairobi, niongezee ya huku kwetu kuhusu hilo la picha, kwa sababu watu huona ni jambo dogo. Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Data ilitoza faini Casa Vera Lounge, ni klabu, shilingi 1,850,000 za Kenya kwa kuweka picha ya mteja wao mitandaoni bila idhini yake. Mtu alikuja kunywa, akapigwa picha, ikawa tangazo. Roma School nao walitozwa 4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Hakukuwa na matusi wala uongo hapo. Ni picha tu.

Na kwenye kashfa, kwetu anayelalamika ana miezi 12 kufungua kesi. Nyinyi mna muda gani?

Karani_wa_Kisutu

Kwetu madai ya namna hii ni miaka 3. Ndiyo maana namwambia dada atunze kumbukumbu zake. Siku 7 za notisi zitapita, miaka 3 haipiti haraka.

Kwa upande wa jinai, makosa ya kashfa yaliyokuwa kwenye Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 yaliondolewa kwa marekebisho ya 2023. Mahakama ya Afrika Mashariki ilikuwa imeshasema mwaka 2019 kwamba vifungu kadhaa vya sheria hiyo vinakiuka mkataba wa jumuiya. Lakini kifungu cha 16 cha Makosa ya Mtandao kipo: kuchapisha taarifa ukijua ni ya uongo, kwa nia ya kukashifu, kutishia, kutukana au kupotosha umma. Faini isiyopungua milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka mitatu. Angalia maneno "ukijua" na "kwa nia". Hayo ndiyo yanayomlinda mtu aliyekosea kwa nia njema, na ndiyo yatakayobishaniwa akifikishwa huko.

Kobe_Mzee

Mnazunguka sana. Swali la mleta mada ni moja: aliyeandika ni mwingine, yeye mwenye tovuti anafungwaje?

Karani_wa_Kisutu

Sawa mzee. Sheria ya 2015 ina sehemu nzima ya wajibu wa watoa huduma, na watu hawaisomi kwa sababu wanaishia kwenye makosa na vifungo. Kifungu cha 39 kinasema mtoa huduma halazimiki kufuatilia kila kinachopita kwake. Cha 41 kinamhusu anayehifadhi maudhui ya wengine: hawajibiki kwa kilichowekwa na mtumiaji, mradi akipata amri ya mamlaka au mahakama akiondoe mara moja, au akikigundua kwa njia nyingine aitaarifu mamlaka husika mara moja. Cha 45 kinaeleza notisi ya kuomba maudhui yaondolewe. Inatakiwa iwe ya maandishi, na jina kamili na anwani ya mlalamikaji, saini, haki gani imevunjwa, na andiko liko wapi hasa.

Kwa lugha ya mtaani, mwenye ukumbi hafungwi kwa sababu mgeni mmoja katukana kwenye harusi. Akishaambiwa kuna mtu kashika kisu mezani namba 6 akaendelea kuhesabu soda, hapo ana la kujibu.

Nyongeza moja. Kinga hiyo haifanyi kazi kama aliyeandika anafanya kazi chini ya maelekezo yako. Kwa hiyo nikuulize dada, na ujibu bila kuzungusha: lile andiko lipo tu lilipowekwa na mwanachama, au mlilifanyia lolote?

Bi_Mpangaji

Kuna ukurasa tunauita "Madalali wa Kuogopa". Tunauandaa sisi watatu kila mwisho wa mwezi kutoka kwenye maoni ya wanachama. Yeye yuko namba 2. Kichwa cha habari niliandika mimi.

Kobe_Mzee

Haya sasa. Utamu umeanza.

Karani_wa_Kisutu

Hiyo inabadilisha hesabu, na nashukuru umesema mapema. Kwenye uzi wa mwanachama wewe ni mhifadhi. Kwenye ukurasa wa "Madalali wa Kuogopa" wewe ni mchapishaji. Umechagua, umepanga, umempa namba, umeandika kichwa. Kifungu cha 41 hakikufikii pale. Mbele ya hakimu hutaweza kusema "aliandika mwanachama", kwa sababu mwanachama hakuandika kwamba yeye ni wa pili kwa kuogopwa Dar es Salaam nzima.

Sisemi ukurasa ule ni haramu. Magazeti yanaandika habari za matapeli kila siku. Tofauti ni kwamba gazeti linalojielewa limempigia mtuhumiwa simu, lina nyaraka kabatini, na lina mhariri anayeulizwa "umethibitishaje?" Nyinyi mna nini kabatini kwa huyo namba 2?

Bi_Mpangaji

Maoni ya watu watatu tofauti wanaomlalamikia. Skrinishoti moja ya muamala. Hatukumpigia.

Mzee_wa_Bremen

Habari kutoka baridini. Ninaendesha tovuti ya Waswahili wa huku Ujerumani, nami nichangie, kwa sababu seva ya dada iko jirani yangu na sheria za huku zina tabia zake.

La kwanza ni lile la maoni ya wasomaji. Ulaya tulikuwa na kesi ya Delfi, tovuti kubwa ya habari ya Estonia. Mwaka 2006 waliandika habari kuhusu kampuni ya vivuko iliyoharibu njia za barafu, zile ambazo watu hupita na magari juu ya bahari iliyoganda. Chini yake yakaja maoni 185, kama 20 kati yake ni matusi na vitisho kwa mmiliki. Mwanasheria wake alilalamika wiki kama sita baadaye na Delfi wakaondoa siku hiyo hiyo. Wakashtakiwa, wakashindwa, wakaenda hadi Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, na mwaka 2015 wakashindwa tena. Fidia yenyewe ilikuwa kama euro 320! Hoja ya mahakama ilikuwa kwamba wao ni shirika kubwa la biashara, wamealika maoni kwenye habari yao wenyewe, na maneno yalikuwa ya chuki na vitisho waziwazi, hivyo walitakiwa kuyaondoa bila kusubiri kuambiwa. Mwaka uliofuata, kwenye kesi ya Hungaria, mahakama hiyo hiyo ikasema kinyume, kwa sababu pale maneno yalikuwa makali tu, si ya chuki wala uchochezi.

Ukiziweka pamoja unaona Karani kasema kweli kuhusu "mumshughulikie". Neno "tapeli" linaweza kusubiri siku mbili ukilichunguza. Kitisho hakisubiri.

La pili: wakili wa dalali akiwa mjanja hatakuandikia wewe, ataiandikia kampuni ya seva. Tangu Februari 2024 sheria ya huduma za kidijitali ya Umoja wa Ulaya inawabana wote wanaohifadhi maudhui, wadogo kwa wakubwa, wawe na njia ya kupokea malalamiko ya maudhui haramu. Kampuni itakutumia ujumbe kwamba ujieleze ndani ya muda fulani. Usipojibu, hawataanza kubishana na mtu wa Bremen au Dar kwa sababu ya euro 5 za mwezi. Wanazima seva. Kwa hiyo angalia barua pepe uliyosajilia huduma, isije ikawa ile usiyofungua.

La tatu ni la kuchekesha kidogo ila ni kweli. Januari 2022 mahakama ya München iliamuru mwenye tovuti alipe euro 100 kwa sababu ukurasa wake ulivuta herufi za Google Fonts kutoka seva za Google, hivyo IP ya msomaji ikaenda huko bila ridhaa yake. Herufi jamani! Baada ya hapo watu wengi wenye vitovuti vidogo huku walianza kupokea barua za madai. Mimi herufi zangu niliziweka kwenye seva yangu mwenyewe wiki ile ile.

Kibogoyo_Mcheshi

Yaani huko hata fonti inakushtaki. Nabaki Mbagala yangu.

Fundi_Seva

Nimerudi. Mzee wa Bremen yuko sahihi kabisa kwenye la pili, nimeliona kwa wateja. Mtu anapambana na maandishi ya siasa mwaka mzima hakuna kinachotokea, halafu tovuti inazimwa kwa sababu ya picha moja ya mpiga picha wa harusi aliyelalamika kampuni ya seva.

Kwa walio na seva Marekani mambo yamegawanyika. Maneno ya watumiaji yana kinga kubwa, kifungu cha 230 cha sheria ya 1996. Lakini kinga hiyo haigusi hakimiliki. Hakimiliki ina sheria yake ya 1998, DMCA: unapokea notisi, unaondoa haraka, mwenye andiko anaweza kupinga, kisha linarudi. Ukitaka kufaidi kinga ya DMCA unasajili wakala wa kupokea notisi kwenye ofisi yao ya hakimiliki, ada ni dola 6, na unahuisha kila baada ya miaka mitatu. Wabongo wengi wenye majukwaa hawajasajili.

Na dada, ile picha ya dalali ilitoka wapi?

Bi_Mpangaji

Nadhani kwenye stetasi yake ya WhatsApp.

Fundi_Seva

Basi ina mwenyewe. Itoe nayo, andiko linaeleweka bila sura yake.

Kobe_Mzee

Hamjamuuliza leseni. Dada una leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano?

Bi_Mpangaji

Hatuna. Sisi si chombo cha habari.

Karani_wa_Kisutu

Kobe umeuliza la maana. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilikuja na ada ya maombi 100,000, leseni milioni 1, na milioni 1 nyingine kila mwaka. Juni ile Jamii Forums wenyewe walizima kwa muda. Zikaja kanuni za 2020, zikapunguza muda wa kuondoa maudhui yaliyokatazwa kutoka saa 12 hadi saa 2, na adhabu ikabaki faini isiyopungua milioni 5 au kifungo kisichopungua miezi 12. Zikarekebishwa tena 2022, na mzigo wa leseni ukaelekezwa zaidi kwa wanaotoa habari na matukio. Tovuti ya vyumba na kodi, kwa maoni yangu, haiko hapo. Ukurasa unaoandika habari za matapeli kila mwezi unaanza kufanana na habari. Nenda nalo kwa wakili wa kulipwa akuandikie ushauri, usitegemee mtu wa jukwaani ambaye humjui sura.

Na tofauti ya mdhibiti na mahakama ni hii: mdhibiti hahitaji kesi. Oktoba 2024 leseni za mtandaoni za Mwananchi Communications zilisimamishwa siku 30 kwa sababu ya katuni ya video. Septemba 2025 Jamii Forums wakasimamishwa siku 90. Kwa biashara inayoishi kwa matangazo, siku 90 ni adhabu kubwa kuliko faini ya milioni 5, na hulipwi ukishinda rufaa.

NairobiNyeusi

Huku tuna la 2018, Sheria ya Makosa ya Kompyuta. Chama cha wanablogu kilikwenda mahakamani, vifungu 26 vikasimamishwa Mei 2018, halafu Februari 2020 Mahakama Kuu ikatupa kesi na vikarudi vyote. Kabla ya hapo, 2016, mahakama ilikuwa imefuta kifungu cha 29 cha sheria ya mawasiliano kilichotumika kukamata wanablogu, na 2017 ikafuta kashfa ya jinai. Tulishangilia, kisha sheria mpya ikarudi na mambo yale yale kwa sura nyingine.

Lakini upepo huvuma pande zote mbili. Aprili 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi ilisema inaweza kusikiliza kesi dhidi ya Meta, kampuni yenye Facebook, kuhusu machapisho ya chuki yaliyosambaa kipindi cha vita vya Tigray nchini Ethiopia. Profesa mmoja alitajwa kwenye Facebook, anapokaa na yote, kisha akauawa Novemba 2021. Ninaposoma "mkimuona mumshughulikie" na picha na simu, hiyo ndiyo inayonijia.

Mama_Tegeta

Hapo umenifunga mdomo.

Bi_Mpangaji

Nimesoma yote mara mbili. Nimefanya haya usiku: NIDA, simu, picha na ile sentensi ya mwisho vimefichwa, nakala ziko kwenye flashi na kwenye kompyuta ya mwenzangu. Logi hazijaguswa. Ukurasa wa "Madalali wa Kuogopa" tumeutoa hewani wote mpaka tuongee na wakili. Mwanachama nimemwandikia ndani ya tovuti nikamwambia kuna notisi, akitaka atafute ushauri wake, na kwamba sijatoa jina lake kwa mtu. Amejibu kwamba ana risiti za miamala mitatu na yuko tayari kutoa ushahidi.

Madai kwamba kapokea kodi mara tatu nimeyaacha. Nimeandika rasimu ya majibu kwa wakili, nitaweka sehemu yenye maneno:

"Tumepokea notisi yako. Tunasikitika na kuomba samahani kwa usumbufu alioupata mteja wako. Tumeondoa taarifa zake binafsi. Kuhusu taarifa za mwanachama, tutazitoa tukipata amri halali. Kuhusu fidia, hatukubaliani."

Karani_wa_Kisutu

Nzuri kuliko notisi nyingi ninazoziona. Rekebisha hivi.

Toa "tunasikitika na kuomba samahani". Najua kwetu ni adabu tu, mtu akikanyagwa hata wewe usiyemkanyaga unasema samahani. Kwenye faili la kesi itasomwa kama kukiri. Andika: "Bila kukiri wajibu wowote, tumeondoa kwa muda sehemu zifuatazo." Kisha uzitaje moja moja, na saa mlizoziondoa.

"Amri halali" ifanye "amri ya mahakama yenye mamlaka". Hilo neno la kwanza kila mtu atalitafsiri anavyotaka.

Ongeza aya ya kumtaka aeleze ni maneno yapi hasa kuhusu mteja wake anayosema si ya kweli. Notisi yake, kwa ulivyoisimulia, inalalamikia andiko zima bila kusema kipi ni uongo. Mwache achague. Akisema hakupokea kodi ya watu watatu, miamala ya mwanachama wako inaanza kuwa na kazi.

Na ukurasa ule usiutaje kabisa kwenye barua kama yeye hakuutaja. Aliutaja?

Bi_Mpangaji

Hakuutaja. Ameandika linki ya uzi wa mwanachama tu.

Karani_wa_Kisutu

Basi jibu alichouliza. Barua ipitiwe na wakili wako kwanza, atie saini yeye ikiwezekana. Ipelekwe kwa mkono, wapokee kwenye kitabu cha dispachi, na kopi yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.

Kobe_Mzee

Na gharama ya wakili mnachangishana tena?

Bi_Mpangaji

Tumeshachanga. Miadi ni Jumatatu saa nne asubuhi, siku ya tano ya notisi. Barua ikishapokelewa nitarudi kusema walivyojibu.